Siku Niliyojiita Mzee

Ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko siku ya ndoa yangu, na wala haikuwa siku ya furaha. Nilikuwa Msowero, katikati ya shamba la mahindi lililoliwa na ng'ombe, jua la saa saba likinichoma utosini, nahesabu hatua. Upande mmoja alisimama mwenye shamba na ndugu zake. Upande wa pili alisimama mzee mwenye ng'ombe na wanawe wawili. Wote wananitazama miguu. Nilipofika hatua ya arobaini na kitu, hesabu ikanipotea. Nikarudi mwanzo, ikanipotea tena. Mara ya tatu nikasimama tu pale, kalamu mkononi, nikijifanya natazama mbali.

Ngoja kwanza nijitambulishe, maana nimeanza katikati kama kawaida yangu. Naitwa Zaina. Baba yangu alikuja Kilosa kutoka Tabora kufanya kazi ya reli, akaoa hapa, akazikwa hapa, na nyumba yangu mimi iko njia ya kwenda Chanzuru. Nina miaka sitini na sita. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilikuwa afisa ugani wa kilimo, kazi ambayo mwanamume akiifanya huitwa bwana shamba na mwanamke huitwa bibi shamba. Nilianza nikiwa na miaka ishirini na minne, nikiwa mwembamba, nikiwa na sauti, na siku ile ya Msowero nilikuwa na arobaini na sita.

Watu hudhani kazi ile, mwanangu, ni kufundisha nafasi za kupanda na kupima mbolea. Hiyo ni nusu yake. Nusu nyingine, kwa sisi wa huku ambako wakulima na wafugaji wanapakana, ni kuitwa mifugo ikishaingia shambani. Mtendaji wa kijiji anatuma mtu, unapanda pikipiki, unafika, unapima eneo lililoliwa na kuandika, na hicho ulichoandika ndicho kitakachoamua kama watu hawa wataelewana au watashikana mashati. Mama mwenye mahindi analia mbele yako. Mwenye ng'ombe anakueleza kuwa mifugo yake haijaona maji siku ya tatu. Wote wana haki ya kusikilizwa, na wote wanakuona wewe ndiye uliyechelewa. Nilifanya hivyo miaka ishirini na miwili. Miaka minne ya mwisho likizo yangu nilikuwa naijaza kwenye fomu, inasainiwa, inawekwa kwenye faili, halafu kesho yake niko shambani kama kawaida, kwa sababu hakukuwa na wa kunishikia kata. Tulikuwa wengi tunaofanya hivyo na tulijisifu.

Nyumbani nako alikuwapo mama mkwe wangu, amepooza upande mmoja. Kumgeuza asubuhi, kumgeuza jioni, kumlisha kwa kijiko. Mume wangu alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa dereva wa lori njia ya Iringa, leo yupo kesho hayupo. Na mwili wa mwanamke wa umri ule una mambo yake, sitakuficha, maana mimi nilifichwa. Damu inakuja inapotaka. Joto linapanda kutoka kifuani mpaka masikioni na umekaa kivulini. Usingizi unakatika vipande vipande. Mama yangu alikufa bila kunitamkia hata neno moja juu ya hayo, kwa hiyo yaliponifika niliyaonea aibu na kunyamaza.

Sasa siku ile, si hesabu tu iliyonitoka. Hata ekari ilinitoka. Huku kwetu ekari ni hatua sabini kwa sabini, anajua hata mtoto wa darasa la nne, na mimi bibi shamba mzima nilisimama nikijiuliza ni sabini au ni sitini. Yule mzee mwenye ng'ombe akanisogelea, akasema kwa upole kabisa, "Mama, kaa chini kwanza. Kunywa maji, pumzika. Sisi tutasubiri." Na upande wa pili, katika ndugu za mwenye shamba, mmoja akacheka chinichini. "Bibi shamba kazeeka," akasema.

Maneno mawili hayo niliyasikia kwa dakika moja. Lile la kwanza lilikuwa kweli, nikalikasirikia. Niliona ananidharau, mfugaji ananiambia nipumzike kazini kwangu. Lile la pili lilikuwa mzaha wa mtu asiye na kazi, na hilo ndilo nililoondoka nalo. Nimekaa na jambo hilo miaka ishirini sasa na bado linaniudhi.

Kuanzia hapo nikaanza kujipeleleza. Nikisahau ufunguo, najiambia ni uzee. Nikisoma waraka mara mbili ndipo niuelewe, uzee. Vijana waliotoka chuoni wakizungumza haraka haraka juu ya mbegu mpya, mimi nanyamaza kikaoni, nakwenda kuwauliza wengine pembeni. Kazi niliyoifanya miaka yote bila kufikiri, sasa nilikuwa naifikiri kila hatua, na ukiifikiri sana hivyo unaikosea. Sikuwahi kumwambia mtu kwamba nimechoka. Nilikuwa sijui kama nimechoka. Mtu aliyechoka miaka minne mfululizo hana siku ya kulinganishia.

Haukupita mwezi, mkuu wa idara akaniita ofisini Kilosa. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na minane hivi, mwenye adabu zake, akaniamkia shikamoo kabla hata sijaketi.

"Marahaba, baba," nikamjibu.

"Mama Zaina, tumepitisha jina lako," akasema. "Tunataka msimamizi wa maafisa ugani wote wa upande huu, kuanzia Dumila mpaka kwenu. Kabla ya kuanza utakwenda kusoma Morogoro miezi tisa. Ule mpango wenu wa mabua ndio tunataka uenee."

Mpango wa mabua nilikuwa nimeuanza na mkulima mmoja wa Msowero, dada Chausiku, mwanamke mrefu mwenye maneno machache, aliyenizidi miaka sita. Tuliona kwamba wanaume wa pande zote mbili wakikutana wanagombana, lakini wake zao hawagombani. Wake wa wafugaji hupita majumbani kuuza maziwa, wake wa wakulima huyanunua, na hapo hapo huulizana hali za watoto. Basi tukawakutanisha kila mwezi uani kwa Chausiku. Wakulima wanasema shamba gani limekwisha kuvunwa na lipi bado wiki mbili. Wafugaji wanapeleka habari nyumbani, ng'ombe wanaingia kula mabua kwa ruhusa, na wenye mashamba wanapata maziwa. Wanaume waliuita umbea wa akina mama. Lakini katika vitongoji viwili tulivyoanzia, misimu miwili sikuitwa kupima hata shamba moja. Lile shamba nililopotelewa hesabu lilikuwa kitongoji kingine, ambako hatujafika.

Kwa hiyo nafasi ile ilikuwa yangu, mwanangu. Sikuibahatisha, niliifanyia kazi. Na niliitaka. Nilitoka ofisini nikatembea mpaka stesheni bila sababu, nikajiona niko kwenye vitongoji vyote vile, nikaona akina mama wamekaa kwenye mikeka. Halafu nikafikiri juu ya darasa, juu ya miezi tisa na vijana wenye kompyuta, na mwalimu ananiuliza swali nami nasahau kama ni sabini au sitini. Joto likanipanda palepale. Nikarudi nyumbani kumgeuza mama mkwe.

Nilipewa wiki moja. Sikuitumia kulala wala kumuuliza mtu. Niliitumia kutafuta namna ya kukataa bila kuonekana nimeogopa.

Na namna ipo, unaijua. Huku kwetu mwanamke akishavuka arobaini kuna maneno akiyasema hakuna atakayemuuliza swali. Anasimama, anakusanya khanga yake, anasema, "Mimi ni mtu mzima sasa, wapeni vijana." Basi. Ukisema umechoka, utaulizwa nani hajachoka. Ukisema unaogopa, utachekwa. Ukisema una mgonjwa nyumbani na huwezi peke yako, utaonekana unamsema mumeo. Lakini ukijiita mzee, unasifiwa. Ijumaa ile kwenye kikao cha idara, mkuu alipotaja jina langu, nikasimama nikayasema maneno hayo hayo, kwa sauti nzuri kabisa. Wakanipigia makofi. Mmoja akasema huo ndio ustaarabu, kumwachia mwenzako nafasi. Nilikaa chini nikiwa na raha, nakuambia kweli. Usiku ule nilipata usingizi.

Habari zikafika mtaani kabla yangu. Majirani wakaja kunipongeza kwa busara. Binti yangu mkubwa, Hawa, alikuwa na miaka ishirini na mmoja, yupo nyumbani amemaliza shule, akawapikia chai na kukaa mlangoni akisikiliza. Sikumtazama. Ni sasa ndipo najua kwamba nilipaswa kumtazama.

Nafasi alipewa Bwana Selemani wa kata ya jirani. Unajua alikuwa na miaka mingapi? Arobaini na minane. Alinizidi miaka miwili, ana mvi na miwani, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza kama hajazeeka. Kwake yeye waliita uzoefu. Sina ugomvi naye, Mungu amrehemu, alikuwa mchapakazi. Maneno ya umri hakuyasema kwa sababu hayakumjia kichwani. Lakini mpango wa mabua aliukuta kwenye karatasi tu. Alihamishia vikao ofisi ya kata, akawaita wenyeviti, na wenyeviti ni wanaume. Akina mama hawakualikwa, nao hawakwenda.

Mimi niliomba nikae ofisini, nipokee ripoti za wenzangu na kuzipanga. Pikipiki nikairudisha. Miezi miwili baadaye mama mkwe akafariki, tukamzika, na mdogo wangu Tabu, aliyeolewa Mikumi, akaja msibani. Alinitazama siku tatu. Siku ya nne akazungumza na mume wangu, hakuzungumza na mimi. Akafungasha nguo zangu mwenyewe, akaniambia, "Dada, twende. Likizo zako zote zile ziko kwenye faili, moja utaila Mikumi."

Siku tano za kwanza Mikumi nililala. Si usemi, nililala kweli. Nilikuwa naamshwa kula, nakula, narudi kitandani. Malori yanapita barabarani mchana kutwa, nyani wanaingia uani kwa Tabu kuiba viporo, Tabu anawafukuza kwa ufagio, na mimi sisikii. Wiki ya pili nikaanza kukaa nje. Wiki ya tatu nikaanza kumkosoa Tabu mboga zake, ndipo akasema sasa dada amerudi.

Alikuwa amenunua kipande cha ardhi nyuma ya nyumba na alikuwa na wasiwasi muuzaji amempunja. Asubuhi moja akaniomba nimpimie. Nikafunga khanga kiunoni, nikatembea upande mmoja, nikatembea wa pili, na kabla hajapata kalamu nilikuwa nimeshamwambia ni robo tatu ya ekari na kidogo, na kwamba hakupunjwa. Hesabu ilikuja yenyewe. Sabini ilikuwa sabini.

Ungedhani nilifurahi. Nilikaa chini palepale kwenye udongo, nikalia mpaka Tabu akaogopa. Kwa sababu nilielewa mara moja kwamba akili yangu ilikuwapo muda wote. Ilikuwa imechoka. Na mimi niliichukua mbele ya watu nikaitangaza kuwa imekufa.

Jumatatu nilikuwa mlangoni kwa mkuu wa idara. Nilimweleza yote, hata yale ya mwilini, ingawa ni mwanamume na mdogo kwangu. Alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na huruma usoni, jambo lililonichoma zaidi kuliko angenifokea.

"Mama yangu," akasema, "ulisema mwenyewe mbele za watu. Sisi tuliheshimu. Bwana Selemani ameshaanza masomo, siwezi kumrudisha. Nafasi nyingine itakuja."

Na ikaja. Hapa ndipo ninapotaka unisikilize, maana sehemu hii siipendi na sijawahi kumwambia mtu isipokuwa Tabu. Nilipokuwa na miaka hamsini na miwili, mkuu mwingine wa idara, mwanamke safari hii, aliniita kwa kazi inayofanana na ile. Nilikuwa mzima. Nilikuwa nalala vizuri, joto lilishapita, sina mgonjwa nyumbani. Nilikuwa na nguvu kuliko nilivyokuwa nikiwa na arobaini. Hajamaliza hata kueleza, nikasikia mdomo wangu unasema, "Mimi ni mtu mzima sasa, mama, wapeni vijana."

Safari hiyo sikuwa nimechoka. Nilikuwa nimezoea. Miaka sita nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha pembeni nikijiita mzee kila nilipoombwa jambo, kwa mzaha, kwa adabu, kwa uvivu, na maneno yakawa yameshika. Yule mama akafunga faili. Nilipotimiza hamsini na mitano nikaandika barua ya kustaafu kwa hiari. Waliniaga kwa soda na khanga mbili, wakasema niliwaachia vijana nafasi.

Mwaka mmoja baada ya kustaafu nilishuka Dumila kubadili gari. Pale kwenye mabanda ya chakula nikaona mgongo ninaoujua, mrefu, umeinama kwenye sufuria kubwa la supu. Alikuwa Chausiku. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanipa kigoda, akanimiminia supu bila kuniuliza kama nina njaa. Alikuwa na miaka sitini na miwili.

Nilimuuliza shamba linaendeleaje. Akasema hawana shamba. Msimu wa tatu baada ya vikao kuhamia ofisini, hakukuwa tena na mtu wa kupeleka habari, ng'ombe wakaingia kabla ya mavuno. Wanaume wakatoka na mapanga. Mumewe alikatwa mkono, kijana mmoja wa upande wa pili akaumia mguu, naye bado anachechemea mpaka leo. Kesi ikaenda ikarudi. Mwisho waliondoka, wakaja barabarani kuuza chakula.

"Wale akina mama wa maziwa je?" nikauliza.

"Waliacha kupita," akasema. "Nani apite kwenye nyumba iliyomkata mwanawe?"

Nikamwambia samahani. Nikamwambia, "Dada, mimi nilikuwa nimeshazeeka, nisingeweza." Chausiku akainua sufuria lile zima, lenye supu ya watu thelathini, akalihamishia jiko la pili, akajifuta mikono. Akanitazama.

"Mimi nimekuzidi miaka sita," akasema. "Hulijui hilo? Ulikuwa umechoka, Zaina. Tuliona wote. Tulikuwa tunasubiri ulale, urudi. Hukurudi."

Aliendelea kuhudumia abiria. Supu sikuimaliza, nikapanda gari langu.

Sasa utasema bibi huyu anajibebesha mizigo ya dunia nzima, kwani yeye ndiye aliyeingiza ng'ombe? Hapana, siyo mimi, na huenda hata ningekuwapo mambo yangeharibika vilevile. Sijui. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba sitajua kamwe. Ningejaribu nikashindwa, ningekuwa na kitu cha kusimulia. Nilichonacho ni makofi.

Nilidhani hayo ndiyo mwisho wa habari, mpaka mwezi uliopita. Hawa, yule binti aliyewapikia majirani chai, sasa ana miaka arobaini na mmoja. Anaishi Mikumi karibu na mama yake mdogo Tabu, na miaka kumi na mitano amefanya kazi kwenye hoteli moja ya wageni wanaokwenda mbugani. Alianza kufua mashuka, akawa jikoni, akawa msaidizi wa meneja. Anaamka alfajiri kila siku kuandaa chai ya wageni, anarudi jioni kwa watoto watatu. Nilikwenda kumtembelea nikamkuta amekonda, macho yamezama, anasoma ujumbe kwenye simu mara mbili mbili. Nikaijua hali ile. Nilikaa nayo miaka minne.

Akaniambia, kana kwamba ni habari ya kawaida, kwamba mwenye hoteli alitaka awe meneja.

"Umemjibuje?" nikamuuliza.

"Nimemwambia mimi ni mtu mzima sasa, mama. Awape mabinti wanaojua kompyuta."

Nikamwambia arudi, arudi leo, akamwambie yule bwana alikuwa amechoka, aombe wiki tatu alale kisha atoe jibu. Nikamweleza yote niliyokueleza wewe, Msowero na Mikumi na Dumila. Alinisikiliza kwa heshima, kama anavyonisikiliza siku zote, mikono yake mapajani. Nilipomaliza akasema wamekwisha kumpata mwingine, ameanza Jumatatu. Halafu akasema lile lililonifanya niandike haya.

"Lakini mama, ulisimama ukasema hivyo, watu wote wakaja kukusifu. Nilikuwepo mlangoni. Siku ile niliona fahari kuwa mwanao."

Nimemlea vizuri yule mtoto. Nilimfundisha kupika, kuswali, kuheshimu wakubwa, na nilimfundisha hilo pia, bila kufungua mdomo, siku moja tu, kwa chai ya majirani.

Kwa hiyo nawaambia ninyi mliobaki. Mwanangu, uchovu na uzee vinafanana sana sura, na ukiwa ndani yake huwezi kuvitofautisha peke yako. Usikubali kuvitenganisha siku ambayo hujalala. Lala kwanza. Likizo ichukue kwa miguu yako, usiiache kwenye faili, hata wakisema hakuna wa kukushikia, maana siku ukianguka watampata. Mwili ukianza mambo yake mwulize nesi, mwulize mama yako, na kama wewe ndiye mama, zungumza kabla hujaulizwa. Nafasi ikija uitake au uikatae, zote ni haki yako. Sisemi kila mwanamke lazima awe bosi, wapo waliokataa na wakaishi kwa amani. Lakini ukikataa, kataa kwa jina lake. Sema sitaki. Sema naogopa, nipe mwezi. Sema nimechoka, nina mgonjwa, nisaidieni. Watakununia, waache wanune. Usijiite mzee ili watu wafurahi, kwa sababu neno hilo utalirudia, na ukilirudia mara nyingi utaliamini, na yupo mtu mlangoni anayekusikiliza ambaye ataliamini kabla yako.

Na kama umeshalisema, kama Hawa, basi maadamu mtu yupo hai hajachelewa. Jana nimempigia Tabu. Nimemwambia aende kwa Hawa, asizungumze naye, azungumze na mumewe, na amfungashie nguo aje kwangu Kilosa alale. Sijui kama atakuja. Kitanda nimekitandika.

Mungu akupe usingizi kabla ya kukupa la kuamua. Akupe mtu wa kukwambia kaa chini, nawe umsikie bila kumkasirikia. Akuondolee makofi ya watu siku unapojipunguza, na siku unapojiinua akupe hata mmoja wa kusimama nawe. Na watoto wako wakikusikia ukijitaja, wasikie jina lako tu.